Chekechea ya Waheshimiwa

Msiitafute nchi hii kwenye ramani. Wenyewe huiita Nchi Yetu, majirani huiita Nchi Yao, na jina lake rasmi bado liko mikononi mwa kamati, ambayo imesafiri ng'ambo kujifunza jinsi nchi nyingine zilivyopata majina. Mimi ni raia mwema, nasimulia niliyoyaona. Mtu akidhani anaitambua nchi hii, shauri yake, mimi simo.

Tuna bahati ya kuongozwa na Baba Mlezi. Cheo hicho alijipa kwa unyenyekevu, baada ya kuyakataa majina makubwa zaidi aliyokuwa ameyapendekeza yeye mwenyewe. Asubuhi moja, akiwa anapata kifungua kinywa, Baba Mlezi alisikia redioni kwamba nchi jirani imeandikisha watoto wengi wa chekechea kuliko sisi. Yai likamkwama. Maji yakaletwa, daktari akaletwa, na mwisho akaletwa Waziri wa Idadi, Mheshimiwa Dakta Mang'oro.

"Mang'oro, wale wanatuzidi watoto?"

"Haiwezekani, Baba."

"Redio imesema."

"Basi imewezekana, Baba, lakini kwa muda tu."

Akapewa mpaka Siku ya Mtoto awe amelirekebisha jambo hilo. Mheshimiwa Mang'oro si mtu wa kulala. Aliwaita wataalamu wake akawaagiza watoto wa miaka minne, wengi, upesi. Wataalamu walipomweleza kwamba mtoto wa miaka minne hupatikana kwa kusubiri miaka minne, na ile miezi ya tumboni juu yake, aliwafukuza kazi wote kwa kukosa uzalendo.

Palikuwa na tatizo jingine. Hakuna aliyejua kwa hakika nani ana umri gani. Ofisi ya vizazi ilikuwa imehamia kwenye mfumo wa kisasa, vyeti vya zamani vikachomwa moto kwa sherehe na ngoma, halafu mfumo wa kisasa ukakataa kuwaka. Tangu siku hiyo taifa zima lilikuwa na umri wa kukadiria. Ndipo Waziri akakumbuka kipimo walichopimiwa wazazi wetu enzi hizo, shule zikiwa bado za udongo. Mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Akiligusa sikio la kushoto, amekua, na aende darasa la kwanza. Asipoligusa, bado mdogo.

"Sikio halihitaji umeme!" alinguruma Waziri bungeni. "Sikio halikatiki mtandao! Sikio ni letu, tumezaliwa nalo, hatukuletewa na wafadhili!"

Wabunge wakapiga meza mpaka moja ikavunjika, ikaundiwa tume. Sheria ikapita kabla chai haijapoa. Ilisema kwamba mtoto wa chekechea ni mtu yeyote ambaye, akipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, halifikii sikio lake la kushoto. Mtu yeyote. Hakuna aliyeona ubaya wowote, na mimi nilipiga makofi pamoja na wenzangu.

* * *

Katika mtaa wetu wa Bondeni kuna chekechea moja ya serikali. Ina chumba kimoja, madirisha yasiyo na vioo, viti vidogo vya rangi, na Mwalimu Siwema. Mwalimu Siwema ni mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa, na kazi yake ilikuwa kufundisha nyimbo, rangi, na namna ya kuomba ruhusa kwenda chooni. Lakini fundisho lake kuu lilikuwa la saa nne, uji ulipokuwa tayari. Alisimama kando ya sufuria na upawa mkononi, akamuuliza kila mtoto: "Umenawa?" Aliyenawa alionyesha viganja vilivyolowa, akapewa uji. Asiyenawa aliambiwa, "Kaa pembeni, upishe wenzako," na hapakuwa na rufaa.

Uji wenyewe ulikuwa wa karanga na maziwa, na harufu yake ilifika mpaka ofisi ya kata. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba unga utaletwa kwa kufuata idadi ya waliopimwa sikio wakashindwa. Wa kwanza kuielewa sheria alikuwa Diwani. Diwani wetu ni mtu aliyebarikiwa; shingo yake ilimezwa na mabega zamani, na mikono yake hukutana kwa shida mbele ya tumbo wakati wa kupiga makofi. Alifika chekechea asubuhi na mapema, akakuta Afisa Uandikishaji, Bwana Lugongo, amekaa chini ya bendera.

"Nipime," akasema.

"Mheshimiwa, wewe?"

"Sheria inasema mtu yeyote. Au mimi si mtu?"

Lugongo alimpima. Mkono wa Diwani ulipanda, ukatetemeka, ukaishia utosini. Lugongo akampongeza kwa kuwa mtoto, na Diwani akaingia darasani akachagua kiti cha njano. Kiti kilivunjika. Akaletewa kochi.

Kesho yake alikuja Katibu wa Kata na bega lake bovu. Akaja Mkuu wa Kituo cha Polisi, akaja mwenye duka la jumla, wakaja wajumbe wa kamati ya maji ambayo haijawahi kuleta maji. Wote walipimwa kihalali. Wote walishonewa sare, zile za drafti nyeupe na bluu zenye mfuko kifuani, na mafundi cherehani wa mtaa walilalamika kwamba sare moja ya mheshimiwa inakula kitambaa cha mapazia ya nyumba nzima. Watoto wa zamani, wale wa kawaida wanaolia na kukojoa, walibanwa pembeni mpaka wengine wakawa wanasomea nje. Lugongo akaandika mlangoni: NAFASI ZIMEJAA, akaendelea kupima.

Wizara ikatoa taarifa ya hali ya watoto wa chekechea nchini, nami niliisoma kwa fahari. Ilionyesha kwamba watoto wetu wamewazidi kwa uzito watoto wa nchi nyingine yoyote. Wengi wao wana ndevu, jambo ambalo Wizara ililitaja kuwa ushahidi wa lishe bora. Wengi wameoa, baadhi zaidi ya mara moja. Wasichana walikuwa wachache, lakini Wizara iliahidi kulishughulikia hilo kwa semina.

Mwalimu Siwema alijaribu. Siku ya kwanza alimuuliza Diwani, "Umenawa?" Diwani akacheka akasema, "Kesho, Mwalimu, kesho," akajitumbukizia kikombe mwenyewe kwenye sufuria, akaungua vidole. Kilio chake kilisikika sokoni. Jioni hiyo hiyo Lugongo akatoa waraka kwamba mtoto yeyote wa chekechea, bila kujali cheo, haruhusiwi kushika upawa, na uji lazima upakuliwe na mtu mzima. Siku iliyofuata Mwalimu alipofungua kinywa kuuliza lile swali lake, Mkuu wa Kituo alimtazama tu. Swali likageuka kikohozi.

* * *

Sasa niwaambie habari za Sikudhani.

Sikudhani ni mtoto wa Chausiku, msusi, ambaye kibanda chake kimepakana na ua wa chekechea. Alikuwa na miaka minne. Hili halikuhitaji cheti, kwa sababu alizaliwa siku ile ile paa la soko lilipoanguka, na mtaa mzima unaikumbuka. Baba yake alikuwa golikipa wa timu ya mtaa kabla ya kwenda kutafuta maisha na kutorudi. Hakuacha chochote ila mikono. Mikono ya Sikudhani ilikuwa mirefu ajabu, ilimfika magotini, na kutwa nzima aliitundika kwenye dirisha la chekechea akichungulia ndani. Alikuwa akitaka kitu kimoja tu duniani, kuingia mle. Nyimbo zote alizijua. Hata kunawa alinawa, kwenye ndoo ya mama yake ya kuoshea nywele, uji ulipotoa harufu, ingawa hakuna aliyemwita.

Chausiku alimpeleka kuandikishwa. Lugongo akampima. Sikudhani alipitisha mkono juu ya kichwa, akalishika sikio, akalivuta, na kwa kuwa alidhani anafanya vizuri, akalikuna.

"Mtu mzima," akasema Lugongo. "Anayefuata!"

"Bwana afisa, mtu mzima gani huyu? Jana usiku kakojoa kitandani!"

"Hayo ni ya nyumbani kwenu, mama. Mpeleke darasa la kwanza."

"Nimempeleka. Kule wanapima meno. Wamesema mpaka ya utotoni yang'oke."

"Basi asubiri yang'oke."

"Asubiri wapi? Mimi nasuka kutwa, mikono yote iko kichwani kwa mteja. Juzi amefuata mbuzi mpaka barabara kuu!" Chausiku akanyoosha kidole kuelekea dirishani, ambako Diwani alikuwa akiimba wimbo wa kipepeo. "Na yule? Yule ndiye mtoto?"

"Yule amepimwa kitaalamu," akasema Lugongo, na kwa kweli alionekana kuumia kwa niaba ya taaluma. "Mama, usiingize siasa kwenye elimu ya awali."

Nilikuwepo. Niliona mtoto akitazama mkono wake kama aliyegundua kwamba umemfanyia kosa. Moyo uliniuma, nasema kweli, lakini nilijituliza kwa kukumbuka takwimu.

Chausiku hakujituliza. Alirudi kibandani, akamkalisha Sikudhani katikati ya magoti, akafungua pakiti za rasta alizokuwa amezihifadhi kwa maharusi. Alisuka mchana kutwa. Alipandisha nywele juu ya kichwa cha mtoto, akazizungusha, akaongeza juu yake, akazizungusha tena, mpaka ukasimama mnara ambao mtoto alipita nao mlangoni kwa kuinama. Asubuhi wakarudi kwa Lugongo.

Sikudhani alipitisha mkono. Ukapanda mnara, ukafika kileleni, ukaishia hapo ukipunga hewa.

Lugongo aliuzunguka mnara ule akiwa amekunja uso. Alifungua sheria, akaisoma, akaifunga. Sheria haikusema lolote kuhusu nywele. Akamwandikisha.

Siku hiyo Sikudhani alikaa darasani, kwenye kipande cha kochi alichobakishiwa na Diwani. Aliimba kila wimbo kwa sauti mpaka Katibu wa Kata akalalamika kwamba hawezi kusinzia. Saa nne alikuwa wa kwanza kwenda kunawa, akarudi na viganja vilivyolowa, akavinyoosha mbele ya Mwalimu Siwema kwa fahari. Mwalimu akapata nguvu kidogo. Akauliza, kwa sauti ya chini, "Umenawa?" Mtoto akajibu kwa sauti iliyofika barabarani, "Nimenawa!" Darasa lote la waheshimiwa likatazama dari.

Lakini foleni ilipangwa kwa vyeo, na Sikudhani hana cheo. Zamu yake ilipofika, sufuria ilikuwa imekwanguliwa.

* * *

Ndani ya juma moja akina mama wote wa Bondeni walikuwa kibandani kwa Chausiku, kila mmoja na mtoto wake mwenye mikono mirefu, na minara ikaota mtaani kote. Waheshimiwa wakaanza kusukumwa na watoto. Diwani alikanyagwa. Habari zikafika kwa Mheshimiwa Mang'oro, ambaye alilihutubia taifa akiwa amevaa kofia yake ya uwaziri, ndefu, yenye manyoya.

"Kuna watu wachache," alisema, "wanaodanganya kwa vichwa vya watoto! Watu hawa wanatumiwa! Nywele hizi zina mkono wa nje!"

Sheria ikarekebishwa: kichwa kipimwe bila nyongeza. Kofia za serikali hazikuhesabiwa kuwa nyongeza, kwa sababu kofia ya mheshimiwa ni sehemu ya mheshimiwa. Polisi wakaja Bondeni na mashine za kunyolea. Walimnyoa Sikudhani mbele ya mama yake, na hawakumnyoa vizuri, wakaacha mabaka. Chausiku alipiga magoti. Aliokota nywele zote, hata zile za rasta, akazitia kwenye kanga akazifunga. Sikudhani ndiye aliyelia, akiuliza swali moja tu, kama kesho ataingia darasani, na hakuna askari aliyekuwa na amri ya kulijibu.

Kesho yake alirudi dirishani. Alikuwa na upara na mabaka, na nywele changa zilianza kumwasha.

* * *

Siku ya Mtoto ikafika. Baba Mlezi aliichagua Bondeni kwa sababu ndiyo chekechea iliyokuwa ikiongoza kwa uandikishaji. Jukwaa likajengwa uani. Kochi la Diwani likapakwa rangi. Wanafunzi walipiga gwaride wakiwa na sare zao za drafti, vitambi mbele, na Mkuu wa Kituo akakariri shairi la sungura bila kukosea mahali pengi. Watoto wenyewe waliwekwa nje ya uzio ili wasiharibu sherehe.

Mheshimiwa Mang'oro alihutubia kwa muda mrefu. Alisema tumekaribia kuwapiku majirani. Alisema taifa lenye watoto wengi ni taifa lenye kesho nyingi. Halafu, kwa kunogewa na makofi, akafanya kosa la maisha yake.

"Na sasa," akasema, "Baba Mlezi, mtu mzima wa kwanza wa taifa, atazindua siku hii kwa kuligusa sikio lake la kushoto!"

Baba Mlezi akasimama. Alikuwa amevaa koti lenye nishani nyingi, na umri, ingawa haukujulikana, ulikuwa mwingi. Mkono wa kulia ukapanda. Nishani zikalia. Ukafika utosini ukagoma. Akausukuma kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa, akakunja uso mpaka jasho likamtoka. Sikio likabaki kule kwake.

Kuku wa Chausiku alipita uani na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Sisi sote tuliijua sheria, na sote tulijua kwamba aliyeisema ataozea gerezani.

Mang'oro alikuwa wa kwanza kupata akili. Alirusha mkono wake mwenyewe juu ya kichwa akausimamisha katikati. "Hata mimi silifikii!" akalia kwa furaha. "Jamani, halifikiki!" Mawaziri wakarusha mikono, ikaishia utosini. Majenerali vilevile. Askari walipoanza kupita katikati yetu wakitazama mikono, uwanja mzima ukashindwa kwa pamoja. Mwalimu Siwema alishindwa, machozi yakimlenga. Huko nje ya uzio nao walishindwa, Chausiku miongoni mwao, na bunduki ilikuwa karibu naye. Mimi mwenyewe nilishangaa jinsi mkono wangu ulivyofupika ghafla.

"Baba Mlezi!" Mang'oro akapaza sauti. "Taifa zima ni chekechea! Tumewashinda majirani!"

Bendi ikapiga. Baba Mlezi akatabasamu, akakumbatiwa, akavishwa sare ya drafti juu ya nishani. Na kwa kuwa jua lilikuwa limepanda na harufu ya karanga ilikuwa imetanda, akasema neno lake la kwanza kama mwanafunzi.

"Uji."

Foleni ikajipanga darasani kwa vyeo. Baba Mlezi mbele na kikombe cha dhahabu, Mang'oro nyuma yake, Diwani nyuma ya mawaziri. Mwalimu Siwema akaunyoosha mkono kuuchukua upawa, lakini Lugongo akamzuia. Lugongo ni mtu wa sheria.

"Samahani, Mwalimu. Umeshindwa sikio. Uji hupakuliwa na mtu mzima."

"Basi apakue mtu mzima!" akafoka Mang'oro.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nani?"

Wakatazamana. Mtu mzima hakuwepo. Uji ukachemka, ukapungua mvuke, na tumbo la Baba Mlezi likanguruma. Ndipo Lugongo akatupa macho dirishani.

Sikudhani alikuwa palepale, kwenye dirisha la upande wa kibanda cha mama yake, ambako askari hawakufika. Hakuwa amesikia hotuba wala kuona bunduki, alikuwa akiitazama sufuria. Upara ulikuwa unamwasha. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepita juu ya kichwa, na vidole vilikuwa vikikuna nyuma ya sikio la kushoto, taratibu.

Akaingizwa darasani kwa mlango, na askari wawili wakimpisha. Akasimamishwa juu ya kiti cha rangi, akapewa upawa. Mama yake, nje ya uzio, alishika waya kwa mikono yote miwili. Sikudhani alilitazama darasa lote, ukuta hadi ukuta, akahakikisha kwamba kweli yumo. Kisha akamtazama mtu mnene wa kwanza kwenye foleni.

"Umenawa?"

Baba Mlezi akageuka nyuma kuona anayeulizwa ni nani.

"Wewe," akasema Sikudhani. "Umenawa mikono?"

Baba Mlezi aliitazama mikono yake, mmoja ulioshika kikombe na mwingine uliokuwa na pete, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nitanawa kesho," akasema.

Sikudhani akakifunika kikombe cha dhahabu kwa kiganja, akakisogeza pembeni. Hakuwa na hasira. Aliongea vilevile alivyomsikia Mwalimu akiongea, kutwa nzima, miezi yote ile aliyoning'inia dirishani.

"Hujanawa. Kaa pembeni, upishe wenzako."

Kule nje watoto walisikia maneno wanayoyajua, wakaanza kupenya chini ya uzio kuelekea kwenye ndoo ya Chausiku, kunawa. Na mle ndani, kwenye ile foleni ndefu, Waziri, Diwani na waheshimiwa wote, mmoja baada ya mwingine, wakaificha mikono yao mgongoni.